Profesa na Vyeti vya Tarehe Kumi na Mbili

Tulimwita Profesa kwa kejeli, naye akadhani ni sifa. Alikuwa mwandishi wa programu pekee katika chuo chetu cha wauguzi. Mimi ni karani wa vyeti, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijapata kuona mtu wa majivuno makubwa namna ile kwa kazi ndogo namna ile.

Vyeti vyetu huandikwa kwa Kiingereza, na tarehe zake hutaka herufi mbili nyuma ya namba: 1st, 2nd, 3rd, na nyingi zilizobaki th. Nilikuwa nikizipiga mwenyewe kwa taipureta. Profesa akasema huo ni ushamba, akaandika programu inayotazama tarakimu ya mwisho tu. Alianza tarehe mosi, kila asubuhi akachapa cheti kimoja cha majaribio chenye tarehe ya siku hiyo, na siku ya kumi akatangaza kazi imekwisha. Siku kumi! Hata mtoto wa chekechea anajua mwezi haujaisha hapo.

"Mwanangu, kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu hazifuati mkumbo," nilimwambia. "Zote zinachukua th."

"Mama, kompyuta haifundishwi na taipureta," akajibu, na ofisi nzima ikacheka. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na bado linaniuma.

Mahafali yakaangukia tarehe kumi na mbili. Vyeti themanini vikatoka na 12nd, mkuu wa chuo akavisaini bila kuvisoma, kama kawaida yake. Kimoja kilikuwa cha mdogo wake Profesa, binti mpole aliyekuwa amepata kazi hospitali ya ng'ambo. Hospitali ikaiona tarehe, ikaandika kwamba cheti ni cha kughushi, nafasi ikapewa mwingine.

Binti akaja ofisini na barua mkononi. Nikampigia cheti kipya palepale, ingawa sote tulijua tumechelewa. Profesa, bila haya, akasema hospitali hiyo ni ya wapuuzi, herufi mbili tu zimewashinda.

"Kaka, mama huyu alikwambia kwamba kumi na mbili inachukua th?" binti akauliza.

Profesa akaanza kueleza habari za tarakimu.

"Nimeuliza, alikwambia au hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Basi leo nenda wewe nyumbani," binti akasema. "Tangu juzi mama yetu ananifungia mizigo, na mimi sijathubutu kumwambia aache."