Siku Niliyomwacha Mama Katikati ya Wimbo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiisimulia nachoka. Tulikuwa tunamzika kaka yangu Njoroge, kwetu Subukia. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na gita nilikuwa nimejifunza miezi sita tu. Nyimbo nne nilizijua kwa moyo kama Baba Yetu, nikajiona fundi. Ujana bwana!

Mama akasimama kuimba, mimi nikampigia. Ubeti wa pili sauti ikamkwama. Akarudia mstari uleule, akaurudia tena, kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni. La kufanya hapo sikuwa nimefundishwa. Nikaendelea mbele peke yangu hadi mwisho. Mama akanyamaza, akaketi. Watu wakatazama chini.

Baadaye Mwalimu Tabitha, mama mzee aliyepiga kinanda kanisani, akaniita kando.

"Wewe, ulikuwa unampigia nani?"

"Nilipiga vile nilifunzwa, Mwalimu."

"Sawa. Lakini mama yako alibaki nyuma, na hukurudi kumchukua."

Jumatatu nikaenda kwake. Akanikalisha kwenye kinanda, akanipa noti tatu tu. Mkono wa kushoto ushikilie sauti moja, wa kulia umjibu yeye akiimba. Nilikosea sana. "Usisimame," alisema. "Noti nzuri ni jirani ya hiyo mbaya. Sogea." Papo kwa papo kamba hukata jiwe, baada ya miezi nikaweza hata kwa gita.

Karibu mwaka ulipita kabla ya mama kuimba wimbo ule tena, akimenya viazi jikoni. Nikachukua gita polepole. Akakwama palepale. Safari hii nikakaa naye, noti mbili tatu, nikingoja. Akarudia, akarudia, kisha akavuka. Hakunisifu. Alisema tu, "Weka chai." Lakini siku ya mazishi hairudi, mwanangu, na hilo bado ninalo.

Sasa vidole vyangu vimekakamaa, na wewe unaniuliza namna ya kupiga bila kukariri. Achana na mbio za vidole unazoziona kwenye simu. Shika noti tatu. Imba kwanza kwa mdomo, halafu zitafute kwa vidole. Ukikosea, sogea. Na ukimpigia mtu, msikilize yeye kuliko mikono yako. Akikawia, kawia naye.

Mungu akulainishie vidole, akupe sikio lenye subira, na siku utakayokwama wewe, usikose mtu wa kukungoja.