Msimu wa Kukuza Nywele za Mama

Dawa ile ilinuka kama majivu yaliyomwagiwa maji ya moto, harufu kali iliyopenya puani na kumtoa machozi hata mtu aliyesimama mlangoni. Mama Salome, jirani yetu wa Kibomet, aliikoroga kwa kijiti ndani ya kikombe cha bati, na mama yangu alikaa mbele yake juu ya kigoda, mabega yamefunikwa gunia kuukuu. Mama Salome alikuwa ameishi Nairobi miaka kadhaa, na huko ndiko alikojifunza kulainisha nywele. Aliipaka dawa kwa kijiti, fungu baada ya fungu, huku Mama akiuma ukingo wa leso yake ili asilie. Walipoisuuza, nywele za Mama zilizokuwa zimejikunja kwa nguvu kama za watu wetu wote zililala chini hadi shingoni, zikang'aa. Mama alijitazama katika kioo kidogo cha Baba cha kunyolea ndevu, akajitazama tena. Sikuwahi kumwona amejifurahia hivyo.

Baba alikuwa ametoka kufanywa karani katika ghala la mahindi mjini Kitale, baada ya miaka mingi ya kubeba magunia, na wake za makarani wenzake walikuja kanisani wakiwa na nywele zilizolala. Mama hakutaka kumtia mumewe aibu. Tena alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Yeye alikuwa Msabaoti wa miteremko ya Elgon, juu ya mahali paitwapo Kwanza, na Baba alikuwa Mbukusu wa Sirisia. Walikutana Kitale, wakaoana bila baraka za mama yake Baba. Kwetu nyumbani tulisema Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo wote wawili waliijua, ingawa hakuna aliyeijua vizuri. Na katika miaka yote ya ndoa walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, tena msichana, ambaye ni mimi, Nafula.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla mahindi hayajatoa ndevu, nywele za Mama zilianza kukatika. Alipochana asubuhi kwa kichana cha chuma, vipande vilibaki kwenye meno yake na kwenye kola ya gauni. Kwanza zilikwisha nyuma ya masikio, kisha kisogoni. Mama Salome alimwambia dawa haikushika sawasawa, ikapakwa mara ya pili juu ya zile zile zilizokwisha kulainishwa. Safari hii ilimchoma. Vidonda vilitoka utosini vikatoa maji, na Mama akafunga kitambaa kichwani na hakukifungua tena mbele ya mtu. Aliacha kwenda kanisani. Sokoni alinituma mimi. Baba alipouliza alijibiwa kwamba ni kichwa kinauma, naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, alinunua vidonge akaviacha mezani.

Katika hali hiyo ndipo bibi yangu, mama yake Baba, aliposhuka kutoka kwenye lori la mahindi lililotoka Bungoma, mguu umevimba, mkononi ameshika kuku. Sisi tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita bibi. Alikuja kutibiwa mguu katika hospitali ya Kitale, naye angekaa kwetu hadi mavuno. Hiyo ndiyo habari aliyoambiwa Mama. Jioni ile ile, wakiota moto, Kukhu alimwambia Baba kwa Kibukusu habari iliyobaki: kwamba amemwona binti mmoja huko Sirisia, mwenye afya, wa ukoo unaozaa wavulana, na kwamba wazazi wake wako tayari kuzungumza. Baba alichokora makaa. Mama alikuwa pale pale akimenya viazi. Hakuelewa hata neno, akamtabasamia mkwewe na kumwongezea chai. Mimi, niliyekiokota Kibukusu kwa watoto wa majirani, nilielewa kila kitu. Tangu siku hiyo, kila Kukhu alipofungua mdomo nilihofu kwamba neno lile litatoka kwa Kiswahili.

Kukhu hakuchelewa kukishuku kitambaa. Aliniuliza kama mama yangu ana ugonjwa wa ngozi, nikasema sijui. Aliuliza kama amefiwa, nikasema hapana. Mchana mmoja Mama alikwenda nyuma ya nyumba kuosha vidonda akidhani mkwewe amelala. Mimi nilikuwa nimeshika karai. Niliposikia fimbo ya Kukhu ikigonga kokoto alikuwa tayari amefika. Mama hakuwa na pa kukimbilia. Aliinama vile vile, maji yakimtiririka, mikono imefunika kichwa.

"Toa mkono," Kukhu akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na herufi l na r zilibadilishana viti mdomoni mwake. "Nani amekuchoma hivi?"

"Ni mimi mwenyewe, Mama."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mtoto wako asinionee haya. Na nilijua utakuja siku moja. Nilitaka ukute mke anayefaa."

Nilingoja Kukhu acheke, au aseme neno la kuumiza, maana ulimi wake ulijulikana Sirisia nzima. Badala yake aliegemeza fimbo ukutani, akaketi juu ya jiwe la kufulia kwa shida ya ule mguu, akanyoosha mkono kwangu. "Rete maji," akasema. Akachota kwa kata na kummiminia Mama polepole, akikinga macho yake kwa kiganja kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Watu husema mficha uchi hazai. Sijui kama Mama aliufikiria msemo huo. Najua alilia, na Kukhu akaendelea kumimina kana kwamba hakuona.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu zilikuwa za kichwa cha Mama. Msidhani kwamba Kukhu alijua la kufanya. Nywele zilizolainishwa hakuwahi kuzigusa maishani mwake. Vidonda vilipona kwa utomvu wa shubiri na kwa kuachwa vipate hewa, lakini zile nywele zilizosalia zilikuwa kavu kama nyasi za Januari. Kukhu akajaribu samli. Aliipaka nyingi mno, jua likaipiga, nzi wakamfuata Mama kutoka bombani hadi jikoni, na paka wa Mama Salome akaja kukaa mlangoni akimkodolea macho. Mama akasema, "Mama, huyu ananitaka kwa ugali." Kukhu alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka jambo moja.

Baada ya samli walijaribu mafuta ya nyonyo. Mibarika ilijiotea kando ya ua, na Kukhu alijua kukaanga mbegu zake, kuzitwanga na kuzichemsha mpaka mafuta yaelee juu. Matone machache yalitosha, yakipakwa kwanza kwenye ngozi, kisha kwenye ncha. Waliacha maji ya bombani, yaliyofanya nywele zikakamae, wakatumia ya mvua kutoka kwenye pipa lililokingwa chini ya mabati. Kichana cha chuma kilifungiwa sandukuni. Mama alifumua mafundo kwa vidole, kuanzia nchani kupanda juu, nywele zikiwa bado na unyevu. Na ni Mama aliyegundua mahali ambapo ugonjwa ulijificha. Alishika uzi mmoja wa nywele juani akatuonyesha: kwenye shina nywele mpya ilimea imejikunja, mbele yake ile ya dawa ilikuwa imenyooka, na pale zilipokutana palikuwa pembamba kama uzi wa buibui. Hapo ndipo zilipokatikia. Kwa hiyo ilipasa kuzishika kwa upole, na kila baada ya wiki chache kupunguza ncha zilizonyooka, kidogo kidogo, mpaka zilizokuja zijitosheleze.

Ugomvi ulitokea kwenye kusuka. Kukhu alisuka kama alivyosukwa utotoni, kwa kuvuta hadi nyusi zipande. Mama alivumilia Jumamosi ya kwanza. Jumamosi iliyofuata aliona mizizi midogo myeupe imeng'oka, akamshika mkwewe mkono. "Usivute, Mama. Zinatoka."

Hakuwa amewahi kumkataza kitu. Kukhu aliinuka, akachukua fimbo, akaingia ndani. Hakula chakula cha mchana wala cha jioni. Nilifikiri sasa atalitoa lile neno la binti wa Sirisia. Usiku nilimwomba Mungu mguu wake upone upesi aondoke. Kesho yake, tulipotoka kanisani, ambako Mama alikuwa amekubali kurudi na kitambaa chake, Kukhu alikivuta kile kigoda mwenyewe akakiweka kivulini.

"Haya, nionyeshe," akasema. "Unataka ishikwe namna gani?"

Mama alimwonyesha. Matuta manne makubwa, yamelegea, ncha zimefichwa ndani. Vidole vya Kukhu, vilivyozoea jembe, vilijifunza upya. Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, midomo ilipata nafasi. Nilimsikia Kukhu akieleza kwa Kiswahili chake kilichovunjika jinsi alivyozika watoto watatu kabla ya Baba, na Mama akieleza kwa chake jinsi mimba mbili zilivyomtoka baada yangu, jambo ambalo hata Baba alilijua nusu tu. Kukhu alisimamisha vidole. Kisha akaendelea kusuka, polepole zaidi.

Mavuno yalipokwisha mguu ulikuwa umepona, na nywele za Mama zilikuwa na urefu wa kidole changu, nzito, laini, zote zimejikunja. Lori lilipokuwa linapakia, Baba alimsogelea mama yake akamuuliza kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, "Na lile jambo?"

"Jambo gani?"

"La yule binti."

Kukhu alikuwa anajifunga leso kiunoni. "Wewe una mke," akamwambia. "Mtafutie pipa la pili la maji ya mvua." Akapanda lori. Mama aliniuliza wamesema nini, nikamwambia wanazungumzia pipa.

Kukhu aliendelea kuja kila msimu, na Mama naye akawa anakwenda Sirisia, mpaka Kukhu alipofariki nikiwa shule ya kati. Nywele za Mama wakati huo zilimfika mabegani. Siku ya tatu baada ya mazishi, jamaa walikusanyika kunyolewa kama desturi ilivyotaka, lakini mzee wa kanisa alikuwa amesema wanawake wa ubatizo hawalazimiki. Shangazi alipomwona Mama anafungua kitambaa alimzuia. "Mama Nafula, wewe kaa tu. Usiziharibu."

"Alizikuza yeye," Mama akasema, na akainamisha kichwa mbele ya wembe.

Mjukuu wangu, ambaye sasa huniita mimi Kukhu, anaishi Kitale, na rafu yake ya bafuni ina mafuta na maji ya nywele ya kila aina. Anajua mambo ambayo Mama na Kukhu waliyapapasa gizani, na nywele zake zimestawi upesi kuliko za Mama. Namfurahia. Hakuna aliyemchoma, na Jumamosi hujifungia peke yake, simu ikimwelekeza hatua kwa hatua, akatoka amependeza. Nilipomsimulia habari hii alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa uchungu, "Sasa kazi yote hiyo, Kukhu, ikaishia kwa wembe?"

Nikamwambia nywele zilimea tena, maana Mama alikwisha kujua namna ya kuzitunza. Alizikuza safari hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na mara nyingi nilimsikia pale kivulini akinung'unika, kwa Kibukusu alichokwisha kukijua, kwamba kusuka bila mtu wa kugombana naye ni kazi ndefu.