Karibu ya Kawangware

Mimi nilikuja Nairobi miaka ya sabini mwanzo mwanzo, nikiwa msichana wa kiuno chembamba, hata mkikataa. Nilitoka Tanzania, upande wa ziwa, nikavuka mpaka na basi kuja kufua na kupiga pasi kwa nyumba moja huko Lavington. Baba alinisindikiza mpaka basi, anacheka. Akaniambia, "Nenda tu. Mwezi haujaisha utakuwa umerudi hapa na njaa yako."

Nikamwambia, "Baba, hiyo basi ya kurudi itaningoja sana." Nilikuwa na mdomo. Bado niko nao.

Chumba nilipata Kawangware, kwa ploti ya mabati, milango zinaangaliana. Hapo ndio nikajua Nairobi kila kitu ni kununua. Maji, kwa debe! Mimi niliyekulia kando ya ziwa, maji unaangalia mpaka macho inachoka! Makaa, kwa mkebe. Kunde, ile kwetu unazunguka tu nyuma ya nyumba unachuma, hapa imefungwa kamba kama maua ya harusi. Na mshahara ni mwisho wa mwezi. Basi pesa nilikuja nayo nikalipa nyumba, ile ilibaki nikanunua unga ya mwezi mzima, nikaimwaga kwa ndoo, nikafunika. Hiyo ndoo ikifika mwisho wa mwezi, nimebaki Nairobi. Ikiisha kabla ya hapo, ninarudi kuchekwa.

Sasa kwetu, mtu akipita na wewe unakula, lazima useme karibu. Hata kama ni ugali ya mtu mmoja. Na yeye lazima aseme asante, nimeshiba, hata kama tumbo inalia. Anapita zake, kila mtu amefurahi, chakula imebaki yako.

Jioni ya kwanza nimeketi mlangoni na sahani. Akapita mama wa mlango wa tatu, mama mnene wa kutoka Kisumu, anauza omena sokoni, wale dagaa wa ziwa. Nikasema, "Karibu mama, karibu chakula!"

Akaketi! Akanawa mikono! Halafu akaita ploti, "Yawa, kujeni! Huyu mtoto wa Tanzania ametukaribisha!" Wakaja wengine watatu. Walinisifu sana ati ninajua kusonga ugali.

Na kesho yake nilisema nini? Karibu. Mdomo ikishafundishwa na mama yako, inasema yenyewe. Wiki mbili tu, ndoo nikaikwangua na kijiko.

Jioni hiyo mama wa omena anakula kwake, mimi niko mlangoni kwangu na chai ya rangi. Akaniita, "Karibu, nyathina, mtoto wangu."

"Asante mama, nimeshiba."

"Haya." Akamega tonge lake.

Kwetu mwenye njaa kweli wanamjua kwa macho, angeniita tena, angenivuta mkono. Nikangoja. Wapi! Kesho yake mama mwenye ploti mwenyewe, Mkikuyu, akanikaribisha githeri, mahindi na maharagwe. Asante mama, nimeshiba. Siku tatu mimi nimeshiba tu, na hapo Lavington pasi inanishinda kuinua! Siku ya nne nikaanza kukunja nguo nitie kwa kikapu.

Mama wa omena akachungulia. "Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Unga imeisha."

"Si ulisema umeshiba?"

"Nilikuwa nasema tu, mama. Ndio adabu ya kwetu. Unakaribisha, mtu anakataa."

Akaniangalia. Akashika mlango, akacheka mpaka mabati ikalia. "Kujeni msikie! Huyu alikuwa anatuita akitaka tukatae!"

Mama mwenye ploti akaja mbio. "Ngai! Na vile tumekula! Mimi nilifikiria huko kwenu kuna shamba ya unga. Halafu ukakataa githeri yangu, nikasema, huyu ni maringo, hawezi kula kwa watu."

"Sikia, nyathina," mama wa omena akasema. "Hapa karibu ni karibu. Hutaki nile, funga mlango. Uko na njaa, ingia. Sasa karibu."

Mdomo wangu huu ukafunguka, "Asan..." Akanitia tonge ya ugali na omena hapo hapo!

Nilikula kwake. Kesho nikala githeri, nikaomba nyingine. Mwezi ukaisha nikizunguka ploti nzima na kijiko changu mfukoni, na mshahara ikishaingia nikajaza ndoo, nikafungua mlango wazi, nikaita karibu kwa sauti. Nilijua watakuja. Walikuja wote.

Baba nilimtumia salamu na konda wa ile basi. Nilimwambia, "Mwambie mzee nimeshiba." Na siku hiyo haikuwa adabu.