Mchagua Vitabu wa Ofisi ya Maji

Katika ofisi ya maji kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa nini bili zinatoka, na mtu huyo alikuwa Baba Pacha. Mfumo wa bili aliuandika yeye, enzi hizo pacha wenyewe wakiwa bado wananyonya, kwa lugha ya kompyuta ambayo vijana wa ofisini wakiisikia huuliza kama ingali hai. Ingali hai. Kila mwisho wa mwezi ilitoa bili za mji mzima bila kukohoa, naye akasimama kando ya printa kama mzazi anayemsikiliza mwanawe akisoma kwa sauti.

Ndipo mkuu wa idara akaitisha kikao. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache na tai fupi. Alisema mfumo wote utaandikwa upya kwa lugha mpya, mwezi ukiisha kutakuwa na mtihani, na asiyeiweza lugha hiyo atahamishiwa ghalani kuhesabu mita mbovu. Hakumtazama Baba Pacha aliposema hivyo. Wengine wote walimtazama.

Baba Pacha aliogopa. Ghala lenyewe halikumtisha. Lilikuwa na kivuli na kiti kizuri. Aliogopa siku ambayo bili zingetoka na yeye asijue kwa nini.

Mtu mwingine angenunua kitabu akaanza kusoma. Huyu bwana hajawahi kununua hata nyanya bila kuzunguka soko zima. Alikwenda duka la vitabu, akasimama mbele ya rafu mpaka muuzaji, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamletea kigoda. Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene cha kubebwa kwa mikono miwili, na mtu anayeandika kurasa nyingi hivyo kuna jambo anazunguka kulisema. Cha pili kilikuwa chembamba. Mwandishi wa kitabu chembamba ama anajua sana ama hajui kitu. Cha tatu kilikuwa na utani kila ukurasa. Cha nne kilianza kwa maneno "Kama unavyojua", akakirudisha upesi, maana hakuwa anajua.

"Mchagua nazi hupata koroma, mzee wangu," muuzaji akamwambia.

"Haraka haraka haina baraka, mama," akajibu, akaondoka mikono mitupu.

Nyumbani, mkewe alikuwa fundi cherehani. Meza yake ya kukatia nguo ndiyo ilikuwa meza kubwa pekee, kwa hiyo mke alikata upande huu na mume akawaza upande ule.

"Si uchukue chochote tu?" mkewe alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mchagua jembe si mkulima."

Lakini kufikia hapo Baba Pacha alikuwa ameshapata ufumbuzi. Angeandika programu ya kumchagulia kitabu. Angeiandika kwa lugha ya zamani, bila shaka, kwa kuwa hiyo mpya hakuijua.

Akaifanyia kazi kila saa ya chakula cha mchana. Kwa kila kitabu alichokiona au kukisikia, programu iliuliza unene wake, ukubwa wa herufi, kama majibu ya mazoezi yapo nyuma, na mwandishi anatania mara ngapi. Kila utani ulipunguza alama. Akaiwekea na nywila, utadhani kuna mtu angeiiba. Vijana walipokuwa sura ya tisa ya vitabu vyao, mkuu alipita mezani pake.

"Kitabu umepata?"

"Nakaribia, mkuu."

Wiki ya mwisho, siku ya Alhamisi, programu ikatoa jibu. Ilikuwa programu nzuri, tusimnyime haki yake. Alikwenda dukani mbio mbio na jina la kitabu mdomoni.

"Hicho nilikuwa nacho kimoja tu," muuzaji akasema. "Nikamuuzia mzee mmoja, miaka imepita. Alinisumbua kama wewe." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Ngoja. Si ni wewe?"

Mkewe alikuwa anakata gauni la bibi harusi. Baba Pacha akaingia, akapiga magoti sakafuni bila salamu, maana njiani alikuwa amekumbuka kitu cha kung'aa chini ya meza. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi tangu iliponunuliwa, na chini yake palikuwa na kitabu, kingali ndani ya nailoni yake.

"Usiguse hapo, Baba Pacha! Meza ikiyumba, mkasi nao unayumba."

"Hiki nilikinunua mimi?"

"Ulikinunua. Ukasema utaanza Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Hukusema."

Meza ilihitaji kitu kingine chini ya mguu. Baba Pacha akaenda rafuni, akarudi na kitabu cha lugha ya zamani, kile alichojifunzia ujanani, kilichokwisha kupoteza jalada, ambacho kurasa zake angeweza kuzisema akiwa amefumba macho. Alikaa nacho mkononi. Ilimuuma, na mkewe akaweka mkasi chini akamsubiri. Mwishowe akakiingiza yeye mwenyewe. Meza ikatulia kuliko ilivyopata kutulia.

"Kimeenea," mkewe akasema taratibu.

"Naona."

"Na leo ni Alhamisi."

Baba Pacha akachana nailoni.

Siku ya mtihani kila mtu alitakiwa kuandika programu yoyote fupi kwa lugha mpya. Vijana waliandika mambo makubwa. Baba Pacha alikuwa amesoma sura tatu tu, lakini alikuwa amezisoma. Akaandika upya ile programu ya kuchagua vitabu. Ya zamani ilijaza kurasa, hii ikaenea kwenye skrini moja. Mkuu akaja, akakalia kiti cha Baba Pacha, akaiendesha. Swali la kwanza halikuwamo katika ile ya zamani:

*Je, nyumbani kuna kitabu ulichonunua ukaacha kukisoma?*

Mkuu alilitazama swali hilo. Akageuka kuona kama nyuma yake kuna mtu mwingine. Kisha akaandika: *ndiyo*.

*Nenda kakisome*, ikamjibu.

Mkuu akailegeza ile tai fupi, akainuka.

"Kaa," akasema, akimrudishia kiti.