Mgeni wa Saba

Nyumba ya Bangwe niliachiwa na mama. Ina vyumba vitatu, choo kimoja na karo moja ya majitaka, na ukikaa barazani unaliona ziwa mpaka milima ya Kongo. Nilipoanza kuipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu, ofisa wa afya alikuja kukagua. Alifunua karo, akaangalia ziwa lilivyo karibu, akaandika: watu wawili kila chumba, kila mtu kitandani, jumla sita. Karatasi nikaibandika mlangoni. Mimi sheria nikishaishika siiachii, na ulimi wangu ndugu zangu wanaujua.

Mama angecheka. Alikuwa akisema watu hawahesabiwi kama kuku, ni kuwachuria. Miaka ile Warundi walipokuwa wakikimbia vita, nami nikiwa shule ya bweni, alitandika mikeka sebuleni, kila aliyeingia akajipatia kona.

Mwaka jana, jua likiwa la utosi, ilifika familia kutoka Bujumbura. Walikuwa wameomba nafasi ya watu sita. Walishuka saba. Wa saba alikuwa bibi mwembamba aliyekataa safari wiki nzima, kisha asubuhi ile ile akafunga mzigo wake.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, nikawaonyesha karatasi.

Bibi hakuitazama. Alisimama mlangoni akiangalia sebule.

"Mwana wanje," akaniuliza, akiniita mwanangu kwa Kirundi, "ile mikeka bado ipo?"

Nikajua wamepanga kumlaza chini kwa siri. Hasira zikanipanda.

"Mikeka hairuhusiwi, Bibi. Hapa kila mtu na kitanda chake, na vitanda ni sita."

Mjukuu wake, kijana mkubwa, akaanza kubisha. Bibi akamshika mkono. "Mwenye nyumba akisema pamejaa, pamejaa." Wakapanda bajaji wao wawili, mjukuu akampeleka gesti moja ya Ujiji, wengine wakabaki. Geti niliwafungulia mwenyewe, na kwa kweli nilijiona mtu mwenye msimamo.

Asubuhi mjukuu alirudi kutoka Ujiji peke yake. Bibi alikuwa ameondoka na basi la kwanza kurudi kwao. Kijana hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akanieleza kwamba bibi aliitambua nyumba mara tu alipoona baraza. Wakati wa vita alilala kwenye sebule ile miezi mitatu na watoto wake wanne, juu ya mkeka wa mama yangu.

"Sasa mbona hakusema?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo kwenye bajaji. Akasema mama yako alimkaribisha bila kumuuliza yeye ni nani. Hawezi kujieleza ndipo akaribishwe."

Nilichukua bodaboda mpaka stendi, nikijua fika kwamba basi limeshatoka. Nilisimama pale kama mjinga, nikalia.

Mikeka ipo. Siku ile ilikuwa imeviringishwa nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka aliposimama.

Karatasi sijaibandua. Ofisa hakukosea, karo ni ile ile na ziwa ndilo tunalokunywa. Ila siku hizi wageni wakishuka nawahesabu, nakuta mmoja kazidi. Narudia, wako sita. Naogopa, nasema wazi. Basi kabla hawajaingia natandika mkeka mmoja sebuleni, na mtu akitaka kuukalia namwambia aniwie radhi, una mwenyewe.