Nilichagua tiles za barabara yetu Majengo, mama mkwe akazijaribu

Wakuu, salamu kutoka Majengo, Meru. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mcheke, lakini mnisikize mpaka mwisho.

Mimi ni butcher, nauza nyama. Duka langu liko mtaa wa nyuma ya msikiti, na nyumba yangu ni vyumba viwili hapo nyuma ya duka.

Huo mtaa ni busy ajabu. Mikokoteni, boda, pickup za miraa, ng'ombe wa kuchinjwa, wote wanapita mlangoni kwangu. Mvua ikinyesha ni tope tupu. Linaingia dukani, linaingia jikoni, kuna siku nililikuta kwa mto wa kulalia na hadi leo sijui lilifikaje.

Mke wangu Kendi akachoka. Akabeba mtoto, akaenda kwao Ruiri.

Akanipigia simu: "Baba Mwenda, sijakukataa wewe. Nimekataa tope. Hapo nje pakitengenezwa, mama atakuja kuangalia. Akisema ni sawa, narudi."

Wueh! Sasa ndoa yangu ikawa inangoja barabara.

Mungu si Athumani, mradi wa kutengeneza mtaa ukaja. Tukaitwa public participation, ile mikutano ya wananchi kutoa maoni, zile za soda na mkate. Wenye maduka wakanichagua niwasemee, sababu eti nina sauti.

Lami tuliikataa mapema. Kila ikiwekwa upya barabara inapanda, maduka yanabaki shimoni.

Engineer, mama mmoja mpole, akapendekeza cabro ya kijivu, yale mawe ya saruji ya kupanga chini, ile nene inayokwaruza. Akasema, "Bomba la maji likipasuka mnang'oa mawe, mnatengeneza, mnayarudisha. Na mkokoteni hauwezi kuyavunja."

Mimi nikasimama. Nilikuwa nimetoka arusi Embu, nikaona kwa mlango wa hoteli tiles nyekundu zinang'aa, bibi arusi anatembea juu yake polepole. Nikajiambia, Kendi wangu lazima akanyage kitu kama hicho.

"Hizo ni za veranda, mzee," engineer akaniambia.

"Madam, hata watu wa Majengo tunataka kupendeza!"

Nilipigiwa makofi, wakuu. Kichwa kikavimba.

Engineer akachoka na mimi. Akaweka sample mbili mbele ya duka langu. Hapo ni mteremko: upande wa juu tiles zangu nyekundu, upande wa chini cabro ya kijivu. Akatuambia tukanyage wiki mbili, halafu tuchague.

Siku ya tatu Kendi akapiga. "Nimesikia mmeanza kuweka kitu hapo nje. Mama anakuja kesho."

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu butcher. Kila asubuhi tunaosha duka na maji moto na sabuni, na hayo maji yote, na mafuta ya nyama ndani yake, yanatoka nje kwa mlango. Siku ya kuja mama mkwe niliosha mara mbili. Tiles nikazisugua na brashi mpaka nikaona uso wangu. Nikajitabasamia, mjinga mimi.

Mama mkwe akashuka kwa boda, amevaa vizuri, amekumbatia kikapu cha mayai.

Na kwa wasiojua: kwetu, mwanaume hamgusi mama mkwe. Hata mkono humpi. Akija unasimama kando, unaangalia chini.

Akakanyaga tile. Mguu ukaenda. Wa pili ukaufuata.

Nikaruka na mikono mbele nimshike, halafu nikakumbuka ni nani. Nikainua mikono juu kama mtu ameshikwa na polisi.

Mama akaketi. Aliketi vizuri tu, hakuumia. Halafu akaanza kuteremka.

Polepole, wakuu! Mimi natembea kando yake, mikono juu, "Pole mama! Pole mama! Pole mama!" Boda wamesimama. Mama Halima wa samosa amejifunika leso usoni, mabega yanatingika.

Alipofika kwa cabro, akakwama hapo hapo, bado ameketi. Hakuna yai lililovunjika. Mama Halima akaja akamwinua, sababu yeye anaruhusiwa.

Mama mkwe akajikung'uta. Akakanyaga cabro. Akaikanyaga tena, kwa nguvu. Halafu akatoa simu akampigia Kendi, loudspeaker, mtaa mzima unasikia. Mimi naangalia chini. Nikajua nimebaki na nyama zangu peke yangu.

"Kendi, huyu bwana yako hajui mawe. Hajui kabisa."

Akashika kikapu chake vizuri, akaendelea:

"Lakini nimeanguka mbele yake na hakunigusa. Amenisindikiza mpaka chini, na heshima zake zote. Rudi kwako. Na mwambie aweke haya ya kijivu."

Aki nililia, na sioni haya kusema.

Kendi alirudi wiki hiyo. Mtaa wote sasa ni cabro ya kijivu, na tope tumelisahau. Zile tiles nyekundu Kendi amekataa hata zikae bafuni.

Somo langu: barabara ya watu wengi usiichague kwa macho. Mwaga maji ya sabuni hapo, halafu utembee wewe mwenyewe kabla mgeni hajafika.

Haya, semeni. Kwenu mmeweka nini? Na wewe ungekuwa mimi siku hiyo, ungemshika mama mkwe, ama ungemwacha ateremke?