Wanjugu na Ndoo ya Kifuniko cha Manjano

"Jumamosi ijayo nitawavalisha watu wa Githongo sweta, hapa hapa Ishiara."

Wanjugu aliyasema hayo mbele ya kanisa zima, wakati wa matangazo, kabla ya wimbo wa mwisho. Watu walicheka mpaka mhubiri akafuta miwani. Ishiara mwezi wa pili hata mbuzi akiona mtu amesimama huja kulala kwenye kivuli chake. Sweta huku huvaliwa na mgonjwa wa malaria, na mwalimu mgeni ambaye hajafungua mizigo.

"Chekeni tu," akaendelea. "Siku hiyo hakuna soda. Nitawapa kokteli ya matunda iliyogandishwa, laini, ya kuliwa kwa kijiko. Ambaye meno hayatamuuma aje nimpe jogoo."

Baba yake, Mzee Kathuri, alikuwa amekaa kwenye benchi la wazee wa kanisa. Akaangalia viatu vyake. Alimjua binti yake mkubwa: mdomo ulitangulia kufika kila mahali, mwenyewe akafuata nyuma akihema.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya mahari ya Lenah, mdogo wake Wanjugu, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mpole kiasi kwamba hata chaki alikuwa akiishika kama anaiomba msamaha. Aliyemtaka ni kijana wa Githongo aitwaye Bundi, wa ukoo wa wakulima wa kahawa, watu wa milima ya baridi. Msemaji wao angekuwa mjomba wake Bundi, Mzee Riungu.

Huku kwetu msichana hasemi ndiyo kwa mdomo. Anapewa kikombe cha kibuyu, anaonja yeye kwanza, kisha anampelekea baba yake. Baba akinywa, mambo yamekwisha. Kikombe kikirudi, au kikisimama njiani, wageni hutafuta makoti yao. Zamani ndani ya kibuyu mlikuwa na pombe ya asali. Nyumba zilizookoka hutia soda, au juisi ya paketi, na Mungu hajalalamika.

Nyumba ya Kathuri ilikuwa na sababu zaidi ya wokovu. Mzee alikunywa miaka kumi na moja. Alikunywa ekari mbili za upande wa mto, akanywa ng'ombe, akanywa mabati ambayo hayakuwa hata yamepigiliwa. Wanjugu alikuwa darasa la sita, na kazi yake ya kila jioni ilikuwa kwenda kumtoa kilabuni, amemshika mkono kama anayemvusha kipofu. Halafu Jumapili moja mwaka wa tisini na nne mzee akasimama kanisani, akasema hatagusa tena. Ilikuwa miaka kumi na minane sasa. Hata dawa ya kikohozi alikuwa akisoma karatasi yake kwanza.

Ujuzi wa kokteli Wanjugu aliupata Embu mjini, katika hoteli moja ambayo sasa imekuwa duka la magodoro. Alikuwa akiosha vyombo, na kutoka kwenye sinki aliona kila kitu: embe lililoiva, pasheni, nanasi, ndimu, sukari, unasaga kwenye blenda, unatia kwenye friza, unakoroga kwa uma mara kwa mara. Aliona pia mhudumu wa baa akimimina glasi moja ya kitu cheupe kutoka kwenye chupa. Kwa vile kilikuwa cheupe, Wanjugu aliamua ni maji. Miaka sita aliamini ni maji.

Ijumaa akasaga maembe ya shamba lao mpaka blenda ikaanza kunuka waya. Akajaza ndoo tano zilizokuwa za mafuta ya kupikia, akazipanga kwenye friza aliyoinunua kwa muuza samaki, ambayo hata iwe imeoshwa namna gani hukukumbusha kazi yake ya zamani. Akakoroga kila saa mpaka wakati wa kulala, akalala vizuri.

Jumamosi saa tatu asubuhi akafungua friza. Akachukua ndoo ya kwanza, akachoma kijiko. Kijiko kikapinda. Ya pili, mawe. Ya tatu na ya nne ungeweza kujengea choo. Wanjugu akahisi jasho la baridi, na hiyo ndiyo baridi pekee iliyokuwa Ishiara siku hiyo. Wageni walikuwa wamepiga simu kwamba wanakaribia.

Ya tano ilikuwa na kifuniko cha manjano. Kijiko kikazama chenyewe. Ilikuwa laini kama uji uliopoa, inameta, imeshikana, sawasawa na ile ya hotelini. Akaonja akicheka peke yake. Baridi ikapita ulimini, na nyuma yake ukaja moto mdogo ukishuka polepole kooni. Kicheko kikaisha. Moto huo alikuwa ameunusa kwenye shati la baba yake utoto mzima. Kumbe hata kile cheupe cha hotelini, kilichozuia kokteli isiwe jiwe, hakikuwa maji.

Akamkuta bibi yake, Cucu Ciarunji, mama yake Mzee Kathuri, amekaa nyuma ya jiko akichambua maharagwe.

"Cucu, ulitia nini kwenye ndoo yangu?"

"Ndoo ipi?"

"Cucu."

Bibi akatupa punje mbovu. "Juisi ni ya watoto wa nasari. Mjukuu wangu hatoki hapa kwa maji ya maembe. Nilitia ya asali kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Chupa mbili. Tatu. Ile nyingine ilikuwa nusu."

"Na baba akionja?"

"Akionja kidogo atakufa?"

"Hatakufa," Wanjugu akasema. "Ataomba nyingine."

Bibi aliinamia maharagwe kana kwamba yameandikwa.

Hapo ndipo Wanjugu alipaswa kuimwaga. Ndoo ilikuwa mkononi, mpapai ulikuwa hatua nne. Lakini alikumbuka kanisa zima likicheka. Akaona ndoo nne za mawe, na watu wa Githongo wakiulizana sweta ziko wapi. Akapiga hesabu ya haraka, ile ya mtu aliyekwisha kukosea: wageni atawapa ya manjano, baba atampa soda, nani atajua? Akaisukuma ndoo chini ya meza ya jikoni, akaifunika kwa gunia.

Mawe nayo yalimsumbua. Akayageuza kwenye beseni, akaburuta kinu cha kutwangia mahindi ya muthokoi hadi nyuma ya nyumba, akatupia bonge la kwanza, akashika mchi. Barafu ya embe ikaanza kupasuka. Ikaruka, ikamwingia machoni, ikamshika nywele. Baada ya mapigo thelathini hivi akaona chini ya kinu kitu kama mchanga wa rangi ya machungwa. Akaonja. Kikamuuma meno.

Alikuwa bado anakitazama aliposikia wimbo upande wa mbele. Wageni walikuwa wamefika, wamekaribishwa, na wanawake walikuwa tayari wameanza wimbo wa kikombe. Wanjugu akakimbia jikoni. Gunia lilikuwa sakafuni. Ndoo ya manjano ilikuwa wazi, na kata la bibi limelala juu yake, linadondoka.

Alitokea uani na mchi mkononi. Chini ya turubai wageni walikuwa wamekaa upande mmoja, wenyeji upande wa pili. Katikati Lenah alikuwa akitembea polepole amebeba kibuyu kwa mikono miwili, macho chini. Midomo yake ilikuwa imelowa, ameshaonja. Mzee Kathuri alikuwa amenyoosha mikono kupokea. Alikuwa anatabasamu. Zilibaki hatua tatu, labda nne.

Wanjugu hakupata neno. Yeye, aliyekuwa na maneno hata ya kukopesha. Angepiga kelele "ni pombe", angemwaibisha bibi mbele ya wakwe, na kanisa lingejua kwamba pombe imerudi kwa Kathuri. Angenyamaza, baba angekunywa. Akapita katikati ya watu, akakichukua kibuyu mikononi mwa Lenah, akakiinua, akakinywa chote.

Wimbo ukakatika.

Baridi ilimpanda kichwani kama msumari. Akafumba macho, machozi yakamtoka, akashikilia mchi asianguke. Alipofumbua, Mzee Riungu wa Githongo alikuwa amesimama, na vijana wake wawili walikuwa wanaangalia walikoegesha gari.

"Tuelezwe," Mzee Riungu akasema taratibu. "Msichana amekataa, au kwenu kikombe hunywewa na dada?"

Lenah akageuka kumtazama dada yake.

"Kama ni hivyo," mzee akaendelea, "basi tuambiwe tunampeleka yupi. Huyu wa mchi anaonekana ana nguvu, lakini Bundi hajajiandaa."

Mtu mmoja akacheka upande wa wageni, akajizuia.

"Mzee, hajakataa," Wanjugu akasema. Ulimi ulikuwa mzito kwa baridi. "Kosa ni langu. Nilijisifu kanisani nitawapa kitu, na nimeshindwa. Hicho kilikuwa kimeharibika, nisingeacha baba yangu akinywe. Kilicho kizuri kimekuwa mawe, kiko nyuma ya nyumba, nakitwanga. Mnipe nusu saa. Mkikataa, mwondoke na jogoo, niliahidi hadharani."

Mzee Riungu akamtazama, kisha akamtazama Kathuri. Kathuri alikuwa bado amenyoosha mikono, haina kitu. Alikuwa anamwangalia binti yake mdomoni.

"Kileteni hicho kinu hapa," Riungu akasema akikaa. "Mimi sijawahi kuona embe likitwangwa. Na mnipe maji wakati nangoja, huku kwenu mnachoma watu."

Kinu kikaletwa chini ya turubai, pamoja na mchi wa pili. Wanjugu akatwanga mbele ya wote, kichwa kikimgonga ndani na mchi ukigonga nje. Bonge la pili, mikono ikakataa. Mama yake Bundi akainuka kimya, akajifunga kanga, akachukua mchi wa pili. Wakapokezana, mmoja akipanda mwingine akishuka, na wanawake wakapata wimbo wa kutwanga badala ya ule uliokatika. Kibuyu kikaoshwa, kikajazwa. Lenah akaonja. Akatembea. Mzee Kathuri akakipokea, akakipitisha kwanza chini ya pua, akakaa hivyo kwa muda ambao Wanjugu aliuhesabu kwa kichwa chake kinachouma. Kisha akanywa mpaka mwisho, akashika shavu.

Hakuna aliyevaa sweta. Mzee Riungu alishikwa na meno, akadai jogoo hata hivyo, akapewa.

Wageni walipoondoka, Kathuri alimkuta Wanjugu akikusanya viti.

"Ilikuwa ya asali, ya mama yangu?"

"Eeh, baba."

"Imebaki?"

Wanjugu akaweka kiti chini. "Nimeimwaga kwenye mpapai."

"Kabla ya wageni au baadaye?"

Angeweza kudanganya. "Baadaye. Nilikuwa nimeificha. Nilitaka kuwapa wageni."

Mzee akatikisa kichwa mara moja. Akaingia jikoni, akaitoa ndoo ya kifuniko cha manjano, akaiosha bombani mara tatu kwa sabuni, yeye mwenyewe, mgongo akiwa amempa binti yake. Kisha akaigeuza juani ikauke.

Ndoo hiyo ndiyo Wanjugu hubebea mabonge ya embe ya kuuza siku za soko, Ishiara, karibu na wauza mbuzi. Kinu kiko mbele, mchi unaonekana, na kila bonge hutwangwa mnunuzi akiona. Mzee Kathuri hupita saa sita mchana, huletewa kibuyu, hukipitisha chini ya pua, hunywa.

Glasi moja ni shilingi arobaini.